Tumewakalisha wapi watoto wenye ualbino katika madrasa zetu?

 

Ndugu msomaji, ukipita katika madrasa zetu za huku milimani Usambara, kuanzia Soni hadi Mlalo, na sidhani kama huko mijini kwenu hali ni tofauti, mtoto mwenye ualbino akiwamo humo utamtambua kwa mahali alipokaa kabla ya kumtambua kwa rangi yake. Atakuwa nyuma, na mara nyingi karibu na mlango au dirisha. Juzuu ameisogeza hadi inakaribia kugusa pua. Kichwa amekiinamisha upande mmoja na macho yake hayatulii, yanacheza kulia na kushoto bila yeye kutaka. Wenzake wakimaliza ukurasa, yeye bado yumo mstari wa tatu. Ukimuuliza ustadhi wake, utaambiwa kwa sauti ya huruma kabisa: "Huyu mzito kidogo."

Si mzito. Na wala tatizo lake si kwamba macho hayana rangi tu, kama wengi wetu tunavyodhani, hata sisi tuliokaa madarasani miaka mingi. Jambo kubwa zaidi liko ndani, mahali ambapo hakuna anayepaona, katika njia ambazo nyuzi za neva za macho zilipita kwenda ubongoni alipokuwa bado tumboni mwa mama yake. Naomba unipe subira nilieleze hili kwa kirefu, maana bila kulielewa hatutajua tunachomfanyia mtoto huyu kila jioni.

Nyuma ya jicho kuna utando unaoitwa retina, ndio unaopokea mwanga. Kutoka katika kila retina hutoka nyuzi za neva zaidi ya milioni moja, zikafungamana kama kamba moja na kuelekea ubongoni. Kamba ya jicho la kulia na ya jicho la kushoto hukutana njiani, chini ya ubongo, kisha zikaachana tena. Jambo hili wanavyuoni wa Kiislamu walilijua zamani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo karibu mwaka 1040, alilieleza katika Kitab al-Manazir, na nakala ya kitabu hicho iliyoandikwa mwaka 1083 imehifadhiwa Istanbul ikiwa na mchoro wa macho mawili na neva zake zinavyokutana. Yeye aliona kuwa pale zinapokutana ndipo picha mbili zinapokuwa moja.

Hapo hakufika mwisho wa habari, na si aibu kwake, kwa kuwa vyombo vya kuona uzi mmoja mmoja havikuwapo. Tunachojua leo ni kwamba pale ni njiapanda. Nyuzi zinazotoka upande wa retina ulio karibu na pua huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Zile za upande wa kipaji haziruki, hubaki upande wake. Kwa binadamu zinazovuka ni zaidi kidogo ya nusu. Kwa utaratibu huu, kila kilicho kushoto kwako, kikionwa na jicho la kulia au la kushoto, habari zake hufika ubongo wa kulia, na kilicho kulia hufika wa kushoto. Picha mbili zinakutanishwa, na ndivyo unavyojua kikombe kiko umbali gani kabla hujanyoosha mkono.

Sasa jiulize: uzi huo mwembamba unajuaje pa kwenda? Fikiria mgeni aliyeshuka basi Mombo usiku, hajawahi kufika Lushoto, hana simu wala mwenyeji. Ana kilomita kama 33 za kupanda, kona juu ya kona, na akifika Soni kuna njia ya Bumbuli na njia ya Lushoto. Mgeni huyo mmoja anaweza kubahatisha. Lakini hawa ni milioni na zaidi kwa kila jicho, na kila mmoja ana nyumba yake maalumu anayotakiwa kubisha hodi.

Mhispania Santiago Ramón y Cajal ndiye aliyeona, mwaka 1890, kuwa ncha ya uzi wa neva unaokua ina kitu kama kiganja kinachopapasa mbele yake. Akadhani kuwa kuna kemikali zinazokiita. Dhana hiyo ilikaa muda mrefu bila ushahidi wa kutosha, hadi Mmarekani Roger Sperry, katika miaka ya 1940, alipokata neva za macho ya chura, akaligeuza jicho juu chini, kisha akasubiri. Kwa chura neva hiyo huota tena. Ikaota, na kila uzi ukarudi palepale ulipokuwa zamani ubongoni, ingawa jicho limepinduliwa. Nzi akiwa juu, chura akatupa ulimi chini, na hakujirekebisha. Kwa hiyo uzi haukufunzwa njia na mazoea. Ulikuwa na alama yake, na mahali pake palikuwa na alama. Sperry alilitangaza hilo kwa ukamilifu mwaka 1963, na mwaka 1981 akapata Tuzo ya Nobel.

Alama zenyewe zilianza kupatikana miaka ya 1990. Ni protini, yaani molekuli zinazotengenezwa na chembehai zilizo kando ya njia. Moja imepewa jina netrini, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya anayeongoza. Katika uchunguzi wa panya imeonekana kuwa ndiyo iliyowekwa kwenye mlango wa kutokea jichoni, ikiziita nyuzi zitoke. Nyingine huitwa sliti, nayo kazi yake ni kufukuza: imekaa pande zote mbili za njia kama kuta, uzi ukipotoka unasukumwa urudi. Pale kwenye njiapanda, katikati kabisa, kuna inayoitwa efrini. Nyuzi zilizobeba kipokezi cha efrini hiyo zikifika pale hurudishwa, zikabaki upande wake. Zisizokibeba hazisikii kitu, zikavuka. Hili la njiapanda lilithibitishwa kwa panya mwaka 2003. Na mwisho wa safari kuna efrini za aina nyingine, nyingi upande mmoja na chache upande mwingine, kila uzi ukatua palipo na kiasi kinachoufaa.

Surat Al-A'la mwanzoni mwake inaunganisha mambo mawili ambayo sisi tumezoea kuyatenganisha: kuumba kwa kipimo, na kuongoza. Mimi nikifundisha sura hiyo sasa siwezi kupita hapo haraka.

Kuna ndugu ambao wakisikia habari kama hii hukimbilia kusema kuwa netrini imetajwa katika Qur'an, na wengine tayari wameshapata aya yake. Tangu Maurice Bucaille atoe kitabu chake mwaka 1976 tumekuwa na tabia hiyo, na mihadhara yetu imejaa. Sioni haja. Qur'an imetutaka tutazame ndani ya nafsi zetu (51:21), haikutuahidi kuwa imetuandikia orodha ya protini. Sayansi ya leo ikirekebishwa kesho, aya itabaki wapi kwa aliyeifunga nayo? Tutazame, tushangae, kisha tuulize linatutaka tufanye nini.

Turudi kwa mtoto wetu wa mkeka wa nyuma.

Melanini ndiyo inayotupa rangi ya ngozi, nywele na macho. Katika jicho la mtoto aliye tumboni, melanini ipo katika tabaka lililo nyuma tu ya retina, na imegunduliwa kuwa haikai pale kwa ajili ya rangi peke yake. Ikikosekana, ukuaji wa retina iliyo jirani yake hubadilika. Katika panya wasio na rangi, chembehai zenye zile alama za kubaki upande wake huwa chache kuliko kawaida. Matokeo yake, nyuzi nyingi ambazo zingerudishwa na efrini pale njiapanda hazirudishwi, zinavuka. Kwamba kwa binadamu wenye ualbino nyuzi nyingi mno huvuka, hilo limejulikana tangu miaka ya 1970 kwa kupima umeme wa ubongo mtu anapotazama. Aidha, kile kidoa kidogo cha katikati ya retina tunachosomea na kutambulia sura za watu, kwao hakikomai vizuri.

Ukiyaweka pamoja mambo haya utaona kila kitu ulichokiona madrasani. Macho yanacheza. Kichwa kimeinama kwa sababu amegundua mwenyewe, bila kufundishwa na yeyote, kuwa akikiweka hivyo macho hutulia kidogo. Umbali unampa taabu, mpira ukirushwa unampiga usoni. Herufi za ubaoni hazioni. Na miwani, ambayo wazazi wakijitahidi humnunulia, inasaidia lakini haimalizi, kwani miwani hurekebisha mwanga unaoingia jichoni na haiwezi kuzirudisha nyuzi kwenye njiapanda. Mzazi akiona hivyo hudhani amedanganywa na daktari au mtoto anajifanya.

Akili yake haimo kabisa katika maelezo haya. Waulizeni wanaomfahamu Dk. Abdallah Possi, wakili na mwalimu wa chuo kikuu aliyeteuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha balozi wetu Ujerumani mwaka 2017. Au Salum Khalfani Barwany, aliyechaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge mwaka 2010. Au Al-Shaymaa Kwegyir, aliyeingia Bungeni mwaka 2008. Wote hao wana ualbino.

Na hawa si watoto wawili watatu. Makadirio yanayotajwa na Umoja wa Mataifa ni kuwa Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Marekani ni mmoja katika 17,000 hadi 20,000. Msomaji anayekaa Dar es Salaam apige hesabu ya mtaa wake.

Sasa hapa kuna swali ambalo watu huniuliza kwa kunong'ona. Ikiwa Allah (s.w) ndiye anayeziongoza nyuzi hizo, je, kwa mtoto huyu aliziacha zipotee? Jibu langu ni kuwa kanuni iliyozivusha nyuzi za mtoto huyu ndiyo ileile iliyozirudisha zangu na zako. Alama zipo, zinasomwa. Palipo na alama chache, wengi huvuka. Surat Al-Infitar inatukumbusha kuwa sura tuliyopewa imetokana na apendavyo Yeye (82:8), na haikumtoa yeyote katika maneno hayo. Daktari ataita hali hii upungufu wa kuona, na ni haki yake, ndiyo kazi yake kupima. Anayeiita laana amesema jambo ambalo hana elimu nalo, na amemsemea Allah.

Mwaka juzi, baada ya swala ya Ijumaa katika kijiji kimoja juu ya Lushoto, mzee mmoja alinivuta kando. Ana mtoto wa miaka tisa mwenye ualbino. Alisema, "Ustadhi, nimtoe tu madrasa? Fimbo zinamwisha na hajui kitu." Nilimuuliza, "Mzee wangu, ukimsomea sura naye akaifuata?" Akasema, "Hapo hukosei naye. Ukimsomea mara mbili anayo." Tukanyamaza kidogo. Kisha akatoa lile lililokuwa moyoni hasa: ndugu zake hawajaacha kumwambia kuwa mtoto yule si wake, kwamba mkewe anajua alikompata.

Nilimsimulia hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume (s.a.w) hakumuuliza habari za mke. Alimuuliza habari za ngamia wake: wana rangi gani? Wekundu. Hakuna wa kijivu kati yao? Wapo. Wametoka wapi hao? Yule bedui mwenyewe akasema, labda ni asili ya nyuma iliyomvuta. Akaambiwa kuwa na mtoto wake labda ni hivyo hivyo.

Yule mzee akaniangalia. "Kumbe aliulizwa hata yeye," akasema.

Ndiyo, aliulizwa. Na alichosema ndicho hospitali watakachokwambia leo. Aina ya ualbino iliyo nyingi zaidi Afrika Mashariki hutokana na jeni ambayo baba anayo moja na mama anayo moja, na wote wawili wana rangi kama kawaida, hata hawajui. Kila ujauzito una nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo mtoto huyu ni ushahidi kuwa baba naye amechangia. Wale wanaomtuhumu mama wamefanya jambo ambalo Surat An-Nur imeliwekea mashahidi wanne na, mashahidi wakikosekana, viboko themanini (24:4). Tunaipenda sana aya hiyo tunapowazungumzia vijana wa mjini. Huku vijijini, mama anaachwa na mtoto mgongoni, na shehe aliyewafungisha ndoa yupo na amenyamaza.

(Na hapa niwaambie kwa upole wenye mila ya kuoza watoto wa mjomba na shangazi: si haramu, lakini katika ukoo ulio na ualbino nafasi ya wote wawili kuwa na jeni hiyo huongezeka. Kuulizana kabla ya posa si uchokozi.)

Maneno hayo ya ukoo yana mwisho mbaya. Tangu karibu mwaka 2006 tumesikia mauaji na ukataji wa viungo, hasa kanda ya Ziwa. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na bado mwaka 2024 mtoto mdogo huko Muleba, Kagera, alinyang'anywa mikononi mwa mama yake akauawa. Anayenunua kiungo cha mtoto alianza kwa kuamini kuwa yule si mtu kama yeye, na imani hiyo haikuanzia kwa mganga.

Katika jambo hili sisi walimu wa dini hatuna udhuru, kwa sababu tuna Surat Abasa. Mtume (s.a.w), akiwa na wakubwa wa Makka, alijiwa na Abdullah ibn Umm Maktum (r.a), kipofu, anataka kufundishwa. Akakunja uso. Hakumfukuza wala hakumpiga, na yule hakuuona uso uliokunjwa. Bado wahyi ukashuka. Kisha kipofu yule akawa muadhini wa Madina, watu wakiacha kula daku kwa sauti yake, na Mtume (s.a.w) alipotoka safari mara kadhaa alimwachia mji. Kama kukunja uso kulishushiwa aya, fimbo anayopigwa mtoto kwa kutoiona herufi aliyowekewa umbali wa hatua sita itaandikwa wapi?

Hapa Lushoto, Irente, pale watalii wanapokwenda kutazama tambarare ya Mazinde chini, ipo shule ya msingi ya wasioona, na watoto wenye ualbino husoma hapo. Inasimamiwa na Kanisa la Kilutheri. Nawashukuru kwa dhati. Ninachouliza ni sisi, ambao wilaya hii imejaa misikiti yetu: kwa ajili ya mtoto huyu tumefanya nini? Hatuhitaji jengo jipya wala mfadhili kutoka Ghuba.

Kwa kweli madrasa ina kitu ambacho shule haina. Qur'an tangu asili hufundishwa kwa talqini, mwalimu anasoma na mwanafunzi anaitikia. Mtoto huyu amezaliwa kwa ajili ya darasa la namna hiyo. Mwalimu atamke kila anachokiandika ubaoni, herufi kwa herufi, na wale wanaoona watafaidika vilevile. Lakini asiachwe na kuhifadhi tu, kana kwamba kusoma si haki yake. Apatiwe msahafu wa maandishi makubwa, ambao unapatikana, na lenzi ya kukuzia. Aachwe ausogeze puani atakavyo: kusogeza kunazikuza herufi na hakuharibu macho. Apewe muda zaidi wa kumaliza ukurasa. Akae mbele, mgongo ukielekea dirishani, maana mwangaza ukimjia usoni humfumba kabisa. Huku kwetu hata ukungu ni adui, kwa kuwa asubuhi jua likiupiga, weupe wake humuumiza kuliko kivuli cha msitu.

Kuhusu ngozi nitasema kidogo tu, kwa kuwa wengi wameshasikia. Milimani ni baridi lakini jua ni kali zaidi kuliko bondeni, na baridi hutudanganya. Wale wa madrasa za chini ya mti wahamie barazani. KCMC kule Moshi hutengeneza mafuta maalumu ya kuwakinga na jua, yanaitwa Kilisun. Wazazi waulize hospitalini. Mikono mirefu, ambayo kanzu inayo tayari, na kofia pana.

Kofia hiyo imeleta mjadala katika madrasa moja nisiyoitaja, mwalimu akidai mtoto aivue uwanjani wakati wa swala kwa kuwa ukingo wake unazuia sijda. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kweli paji la uso liguse chini. Basi augeuze ukingo uende nyuma, kama vijana wanavyovaa, asujudu, na akiinuka aurudishe mbele. Harakati hiyo ni ndogo na ina haja, haibatilishi swala.